Ndege ya Alhamisi Usiku

Siku Wekulo alipoanza kukosekana, gari lililobeba jeneza la baba yake lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba yao Mbotela, injini ikinguruma. Ilikuwa Ijumaa, saa tatu kasoro robo asubuhi. Majirani walikuwa wamekwisha kumuaga Mzee Khisa. Wimbo wa mwisho ulikuwa umeimbwa mara mbili kwa sababu hakuna aliyejua afanye nini baada yake. Safari ya kwenda Sirisia ni ndefu, dereva alikuwa anatazama saa kila mara, na mwana wa kwanza wa marehemu, aliyekuwa afike na ndege ya alfajiri kutoka Ghuba, alikuwa hajaonekana.

Halafu simu ya Opicho ikalia. Opicho alikuwa ndugu mdogo wa marehemu, na tangu kifo kitokee yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa kila jambo. Akaipokea, akaiweka kwenye spika ili watu wote wasikie.

"Baba mdogo, ndege imefutwa," sauti ya Wekulo ikasema kutoka mbali. "Ni dhoruba ya mchanga. Tumelala sakafuni, hakuna kitu kimeruka. Wanasema watatupa nyingine Jumapili. Naomba mningoje."

"Tukungoje mpaka Jumapili? Kaburi limechimbwa, Wekulo. Kesho watu wanazika."

"Siku mbili tu, baba mdogo. Naomba."

Opicho akamwambia atampigia. Wekulo hakuwa mtu wa kuaminiwa upesi katika ukoo ule. Alikuwa ameondoka kwenda Ghuba bila kumuaga baba yake, na Mzee Khisa alizisikia habari hizo kwa watu siku ya tatu. Mara mbili alikuwa amesema anakuja nyumbani, na mara mbili hakuja. Basi Opicho akamgeukia Nabwire, dada yake Wekulo, aliyekuwa amesimama kando ya gari na leso begani.

"Wewe ndiye uliyemaliza kidato cha nne hapa. Nenda saiba, uiangalie hii ndege yake."

Nabwire akaenda. Saiba, kile chumba cha kompyuta cha Ndinda, kilikuwa mwendo wa dakika tatu kuelekea Jogoo Road. Ndinda alikuwa ndiyo kwanza amefungua.

"Pole na msiba, Nabwire. Lete namba ya ndege." Akaiandika. "Ya lini?"

Nabwire akakumbuka maneno ya kaka yake Jumanne kwa simu: naondoka Alhamisi usiku saa saba, jua likichomoza niko Nairobi.

"Alhamisi," akasema.

Kwenye kioo kikatokea kijistari cha kijani. Ndege imetua Nairobi, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Nabwire akatazama saa ya ukutani. Saa tatu na dakika tano. Akahesabu kwa vidole kama mtoto.

"Una hakika ni yenyewe?"

"Namba ni hiyo, Alhamisi ni hiyo. Kompyuta haina ukoo, dada. Itamdanganya nani?"

Alirudi mbio, leso ikiburuta. Alipofika hakuvuta hata pumzi. Alisema neno moja tu, "Ilitua," na watu waliokuwa karibu na gari wakaguna. Opicho akapiga simu pale pale.

"Ndege yako tumeiona, Wekulo. Imetua tangu alfajiri. Uko wapi?"

"Nani amesema imetua?"

"Nabwire ameisoma kwenye kompyuta."

"Nabwire amesema?"

"Nabwire huyu huyu. Amesimama hapa."

Nyuma ya sauti ya Wekulo, kwenye simu, Nabwire alisikia mtoto akilia na mwanamke akitangaza jambo kwa Kiarabu katika kipaza sauti. Baadaye, miezi na miezi, sauti ile ya kipaza sauti ndiyo iliyomnyima usingizi. Lakini asubuhi ile aliisikia na haikumwambia kitu.

"Sawa," Wekulo akasema, na simu ikakatika.

Jumamosi walimzika Mzee Khisa. Udongo wa kwanza hutiwa na mwana wa kwanza, na kwa kuwa hakuwepo, Opicho akaushika yeye. Kabla ya kuutupa akasema kwa sauti, wazee na watoto wakisikia, "Natia kwa niaba ya mtu aliyetua akajificha."

Siku ya tatu wakanyolewa nywele, na siku ya tano Nabwire akarudi Mbotela. Ndege ile ya Jumapili Wekulo hakuipanda. Namba yake, kila ilipopigwa, ilijibiwa na yule mwanamke wa mitambo: mteja hapatikani kwa sasa.

*

Nabwire alikuwa mfumaji wa sweta za shule. Kazi yake ilikuwa katika chumba cha mbele cha nyumba ile ile aliyomwachia baba yake, chenye mashine mbili za kufuma zilizofungwa mezani. Moja ilikuwa yake. Nyingine ilikuwa ya mwenzake Marion, mwanamke mcheshi aliyeweza kufuma mikono miwili ya sweta huku akimsema kila mtu aliyepita barazani. Pembeni ilikaa mashine ya tatu, ya zamani, iliyokuwa ya mama yao. Sindano zake nzima zilikuwa zimebaki sitini, hazitoshi hata mgongo wa mtoto wa chekechea.

Baada ya mazishi mikono ya Nabwire haikutulia. Angefuma nusu ya sweta, angesimama, angefagia mahali palipofagiliwa, angetoka hadi barabarani na kurudi bila kununua kitu. Neno "Ilitua" lilikuwa limemkaa kinywani kama mfupa wa samaki. Akajiambia kwamba ndege haifutwi hivi hivi. Kisha akajiuliza, je, hufutwa mara ngapi? Na kwa nini? Kama ndege ile ya usiku hufutwa mara moja kwa mwaka, basi Wekulo alidanganya, yaliyosemwa kaburini yamesemwa, na yeye apumzike. Kama hufutwa kila mara, basi... Hakumaliza wazo hilo.

Ndivyo alivyoanza. Kila siku alizitazama habari za ndege ile kwenye simu, na kila siku ikawa mstari mmoja kwenye mashine ya mama yake. Mstari mmoja ulikuwa mapito mawili ya mkono wa mashine, kwenda na kurudi, ili uzi uishie upande ulikoanzia. Siku ndege iliporuka alifuma nyeupe. Siku ilipofutwa, rangi ilitegemea sababu, na rangi alizitoa kwenye masalio ya sweta za shule yaliyojaa ndani ya gunia. Kijivu kilikuwa ukungu. Buluu ilikuwa ubovu wa ndege yenyewe. Maruni ilikuwa mgomo, au rubani na wahudumu kukosekana. Manjano ilikuwa anga kufungwa kwa ajili ya vita. Kahawia ilikuwa dhoruba ya mchanga.

Sababu zenyewe hazikuandikwa kwenye simu. Hizo alizipata Eastleigh, kwa Ardo, mama wa Kisomali ambaye wateja walimwita Mama Nimco, aliyeuza tiketi za ndege katika kijiduka kilichobanwa kati ya maduka ya vitambaa. Nabwire alikuwa akienda huko kila Jumatatu kununua koni za uzi kwa bei ya jumla. Mara ya kwanza alipomwomba, Ardo alivua miwani.

"Unataka kujua kila siku imefutwa kwa nini? Wewe ni wakili?"

"Nafuma tu, Mama Nimco."

"Unafuma ndege." Ardo akacheka hadi mteja wake naye akacheka bila kujua sababu. "Haya, abaayo, dada yangu. Njoo Jumatatu, nitakusomea ya wiki nzima. Wiki yako ya kwanza ni ipi?"

"Anza na wiki tuliyomzika mzee."

Ardo akabonyeza, akasogeza miwani. "Wiki hiyo moja tu. Ijumaa. Mchanga."

Ijumaa. Nabwire aliandika kwenye karatasi, akarudi nyumbani, akafuma. Jumatatu nyeupe, Jumanne nyeupe, Jumatano nyeupe, Alhamisi nyeupe, Ijumaa kahawia. Alipopitisha ile kahawia moyo wake ulishtuka kidogo, kama mtu aliyekosa ngazi moja gizani. Kwa hiyo mchanga ulikuwepo kweli kule, akawaza, lakini ulikuja siku moja baada ya ndege yake. Huenda aliona habari zake akapata la kusema. Akaendelea na Jumamosi.

Kitambaa kikarefuka. Kwa upana kilikuwa kama mtandio mwembamba, na kwa urefu kilikuwa siku. Mwezi wa pili kikafika sakafuni. Akakitundika msumarini ukutani, mwisho wake ukajikunja kwenye ndoo. Sasa mtu aliyesimama mlangoni aliweza kuona mambo ambayo Nabwire mwenyewe hakuyajua alipokuwa anafuma mstari mmoja mmoja. Kijivu kilikuja kwa makundi katika miezi ya baridi, mstari mmoja leo, miwili kesho kutwa, kisha kikapotea kabisa. Buluu haikuwa na msimu, ilidondoka popote kama tone la wino. Maruni ilikuja mistari minne imeshikana, ikaisha kwa siku moja, kama mlango uliofungwa kwa kishindo. Na pakawa na pande moja la manjano, mistari tisa, anga lilipofungwa na watu wa pande zile wakarushiana makombora. Kuna nyakati Ardo alisoma, "Sababu za uendeshaji," na Nabwire akauliza hizo ni rangi gani.

"Hizo maana yake hawataki kukuambia," Ardo akasema. "Tafuta rangi ya mtu aliyefunga mdomo."

Akazifuma nyeusi.

"Niaje, mama wa anga," Marion alikuwa akimsalimu asubuhi. "Leo tunaruka ama tumekwama?"

"Tunaruka."

"Kuna mtu aliniuliza jana hiyo ni bendera ya nchi gani. Nikamwambia ni ya nchi ya watu wasiolala." Kisha, akiona uso wa mwenzake, akashusha sauti. "Nabwire. Hicho kitu unakifuma mpaka lini?"

Nabwire hakujua. Alikuwa amepata jibu la swali lake la kwanza. Katika mwaka mzima ndege ile ilikuwa imefutwa mara thelathini na moja. Haikuwa mara moja, na haikuwa kila mara. Hesabu hiyo haikumhukumu Wekulo na haikumwachilia. Nabwire alibaki akipima mistari kwa vidole, akikaa, akisimama, akienda kuchungulia ndooni kana kwamba kitu kilikuwa kimeanguka mle.

*

Mwezi wa kumi na moja, mwaka mmoja na mwezi tangu mazishi, Opicho akatuma ujumbe. Mwezi wa kumi na mbili wataweka jiwe na simiti kwenye kaburi la Mzee Khisa, Jumamosi ya tarehe kumi na tatu, na kwenye kadi ya ukumbusho majina ya watoto yatakuwa matatu. Mzee Khisa alikuwa na watoto wanne. Nabwire alisoma ujumbe huo mara nyingi kuliko alivyohitaji.

Jumatatu iliyofuata alienda Eastleigh kama kawaida. Ndani ya kijiduka cha Ardo palikuwa na mzozo. Mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, begi kubwa jipya miguuni, alikuwa anapiga kaunta kwa kiganja.

"Mimi si mlevi, mama! Mimi naitwa Muasya, nimefundisha hesabu miaka kumi na nane! Tiketi imeandikwa Alhamisi, saa saba na robo ya usiku. Alhamisi nimeoga, nimeagwa na kanisa zima, saa tatu ya usiku niko uwanjani. Wananiambia ndege yangu iliondoka jana yake!"

"Iliondoka, mwalimu."

"Iliondokaje na siku hiyo ndiyo Alhamisi?"

"Iliondoka ukiwa umelala Jumatano."

"Jumatano mimi nilikuwa kwangu Kayole nakula githeri!"

"Na ndege yako ikapita juu ya hiyo githeri." Ardo hakucheka. Alichukua tiketi, akaigeuza imwelekee. "Sikiliza, mwalimu, kila mwezi nampata mmoja kama wewe, na si mjinga hata mmoja. Nyinyi siku yenu inaanza asubuhi. Saa moja ndiyo saa ya kwanza, na usiku wote unaufuata mchana wake. Sisi siku yetu inageuka Magharibi ikiadhiniwa. Watu wa ndege siku yao inageuka saa sita ya usiku, watu wote wamelala, hakuna hata wa kushuhudia. Hiyo saa saba na robo ya Alhamisi kwenye karatasi ni ile unayoiita Jumatano usiku. Ukitaka ile unayoiita Alhamisi usiku, karatasi itakwambia Ijumaa."

Mwalimu Muasya alikaa polepole juu ya begi lake.

Nabwire alikuwa ameshika mfuko wa koni za uzi. Mfuko ukateleza, koni mbili zikabingirika hadi chini ya kaunta, na hakuinama kuziokota.

"Abaayo? Unaumwa?"

"Mama Nimco," akasema, "mtu akikuambia, naondoka Alhamisi usiku saa saba..."

"Mtu wa kwenu?"

"Wa kwetu."

"Basi ni ndege ya Ijumaa. Si nimemwambia mwalimu sasa hivi?"

Nabwire hakungoja kusomewa ya wiki. Alitembea kutoka Eastleigh hadi Mbotela kwa miguu, akivuka barabara bila kutazama magari, akitukanwa na mkokoteni mmoja na pikipiki mbili. Nyumbani hakumjibu Marion. Alikitungua kitambaa msumarini, akakivuta chote, mita kwa mita, hadi akafika mwanzo wake kabisa. Mistari minne myeupe. Na wa tano, kahawia.

Ulikuwa hapo mwaka mzima. Aliufuma kwa mkono wake. Katika siku zote zile, pamoja na kijivu na buluu na maruni na manjano, ulikuwa ndio mstari pekee wa kahawia.

Alikaa sakafuni, kitambaa kimemjaa mapajani. Ile ndege ya kijani kwenye kioo cha Ndinda ilikuwa imetua siku moja kabla, Alhamisi asubuhi, imejaa watu wengine. Wakati anahesabu saa tatu kwa vidole, alikuwa anahesabu saa ishirini na saba. Na Wekulo alikuwa kwenye sakafu ya uwanja wa ndege, mwanamke anatangaza katika kipaza sauti kwamba hakuna kitu kinachoruka.

"Nini?" Marion aliuliza kwa mara ya tatu. "Nabwire, nini?"

"Sikusoma vibaya," Nabwire akasema. "Niliuliza vibaya."

*

Opicho aliishi Mukuru kwa Njenga, karibu na kiwanda cha plastiki alikofanya kazi miaka ishirini na saba kabla ya kustaafu. Jumapili, baada ya ibada, Nabwire alifunga kitambaa ndani ya leso na kwenda huko kwa miguu kupitia Industrial Area. Njiani alirudi nyuma mara mbili. Mara ya pili alifika hadi kwenye mataa ndipo akageuka tena.

Baba yake mdogo alikuwa amekaa nje ya mlango, anakausha viatu juani.

"Karibu, mama. Umeniletea shali?"

"Si shali, baba mdogo. Tuingie ndani."

Alikitandaza kitandani, kikamwagika hadi chini ya meza. Akamweleza rangi zote, moja moja. Opicho alisikiliza kwa heshima ya mtu anayeonyeshwa picha za harusi asizozijua. Kisha Nabwire akaweka kidole kwenye mstari wa kahawia, akaeleza habari za usiku na tarehe. Akarudia, akachanganya Jumatano na Ijumaa, akaanza upya. Alidhani itabidi aeleze hadi jioni. Lakini Opicho aliinua mkono.

"Ngoja. Mimi nimefanya zamu ya usiku miaka kumi na tisa," akasema. "Ukiingia Alhamisi jioni, ukatoka Ijumaa asubuhi, kadi ya kiwanda inasema Alhamisi. Usiku wote ni wa Alhamisi."

"Ndiyo, baba mdogo. Kwa ndege si hivyo. Saa sita ya usiku kadi yao inageuka."

Opicho akainama juu ya kitambaa. Akaweka kidole chake kinene kwenye mstari mweupe wa nne, kisha kwenye ule wa tano, kisha akarudi.

"Kwa hiyo siku ile," akasema polepole, "tulikuwa tunaangalia zamu ya watu wengine."

"Ndiyo."

"Na yeye alikuwa bado yuko huko."

"Sakafuni. Kama alivyosema."

Nje mtoto wa jirani alikuwa anapiga debe kwa kijiti. Opicho alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya ukali ambao Nabwire alikuwa ameutarajia tangu atoke Mbotela.

"Wewe ndiye uliyeenda kusoma."

"Mimi."

"Nilikuuliza, ukasema ilitua."

"Nilisema. Tarehe kumi na tatu nitasimama kaburini niseme mbele ya wote. Sitaki mtu anitetee."

"Keti," Opicho akasema. "Unazunguka chumba kama kuku." Yeye mwenyewe hakukaa. Alienda mlangoni, akavigeuza viatu vyake juani ingawa vilikuwa vimekauka. "Wewe ulisoma. Lakini aliyetia udongo nani? Kompyuta ilisema imetua. Kujificha haikusema. Hilo nililiongeza mimi."

Kwa mwaka mzima Nabwire alikuwa amelibeba neno lake moja, na hakuwahi kuwaza kwamba lile jingine lilikuwa na mwenyewe.

"Una namba yake?" Opicho akauliza bila kugeuka.

"Haipatikani. Nina ya Phares, yule anayeishi naye chumba kimoja."

"Na mwaka mzima hukuipiga?"

"Ningemwambia nini?"

*

Ujumbe wa sauti alioutuma kwa Phares ulikuwa wa dakika nne. Aliurekodi mara saba. Katika ule wa mwisho hakueleza sana, alitaja siku mbili, akataja mstari wa kahawia, akasema, "Kaka, ulisema kweli na mimi nikasema uongo bila kujua, na kutojua hakukupunguzii kitu." Akaambatanisha picha ya mwanzo wa kitambaa. Kisha akaiweka simu juu ya kabati, mbali, akafuma mgongo mzima wa sweta ya kijani bila kuuangalia.

Phares alijibu siku ya pili. *Amesikiliza. Amerudia mara mbili. Ameenda kazini.*

Siku ya tatu hapakuja kitu. Ya nne, ya tano. Marion aliacha utani kabisa, na hilo likamfanya Nabwire ahangaike zaidi. Siku ya sita, saa nane ya mchana, ukaja ujumbe kutoka namba asiyoijua, neno moja na alama ya kuuliza.

*Mtangoja?*

Nabwire alimpigia Opicho, akamsomea. Upande wa pili ilisikika karatasi ikikunjwa.

"Likizo yake ni lini?"

"Hajasema. Huenda hawamwachi mwezi huo."

"Basi mwambie achague yeye. Jiwe tutaliweka siku atakayofika, hata ikiwa Jumanne, hata ikiwa mwezi wa tano. Na udongo wa juu ya simiti atautia yeye." Opicho akakohoa. "Na umwambie ni mimi nimesema. Si wewe. Useme, baba mdogo amesema."

Nabwire aliandika hivyo hivyo, akatuma. Alama mbili za buluu zikatokea, ujumbe umesomwa. Zaidi ya hapo, mpaka leo, Wekulo hajaandika.

Kadi za ukumbusho zilichapishwa wiki iliyopita katika duka moja la Jogoo Road. Mchapaji alibisha, akasema hajawahi kuona kadi ya namna hiyo, na kwamba watu watarudi kumlaumu yeye. Nabwire akamwambia achape tu. Ziko mia moja na hamsini, ndani ya boksi juu ya mashine ya mama yao. Zina picha ya Mzee Khisa akiwa na kofia yake ya Jumapili, na chini yake majina manne ya watoto, Wekulo kwanza. Mahali pa tarehe pameachwa wazi.